Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakulima wa Kando ya Mto Luiche, Kigoma

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida za mwaka mnazifahamu: kitalu cha miche ya michikichi kimeendelea, mifereji imesafishwa kabla ya masika, na wageni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika tuliwapokea vizuri. Sitarefusha hapo.

Jambo lililozua maneno mengi, hata vilabuni, ni uamuzi wa Kamati Tendaji kupima mita 60 kutoka ukingo wa mto na kusimika vigingi katika mashamba ya wanachama. Imesemwa kwamba Mwenyekiti amegawa ardhi ya watu. Naomba ieleweke kuwa mita hizo hazikutoka kichwani mwangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya eneo hilo shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mto. Hati ya kimila ya kumiliki ardhi haiondoi katazo hilo, kwa kuwa anayeendelea kumiliki bado anabanwa na masharti ya matumizi. Tulichofanya ni kutangulia kupima wenyewe, ili kijiji kitakapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, tuingie katika mkutano mkuu wa kijiji tukiwa na mchoro mkononi badala ya malalamiko.

Wapo waliotaka tupime kutoka maji ya kiangazi. Nilikataa, na leo ningekataa tena, maana Luiche ya Septemba na Luiche ya Aprili ni mito miwili, na kigingi kilichosimikwa kwa kufuata mto wa Septemba kingekuwa ndani ya maji ifikapo masika. Michikichi ya zamani hatukuigusa. Tulichozuia ni bustani za nyanya na mchicha zinazolimwa hadi ukingoni kabisa mwa mto, pamoja na ufyatuaji wa matofali, kwa kuwa udongo unaolegezwa pale huishia ziwani, kwenye mazalia ya samaki. Bustani yangu mwenyewe ndiyo iliyotangulia kukatwa, ingawa hilo wanaolalamika hawalitaji.

Imeulizwa pia kwa nini Kamati iliamua bila mkutano. Mkutano uliitishwa mara mbili. Kati ya wanachama 84 walifika 29, kisha 26, wakati katiba yetu inadai nusu. Waliopiga kelele zaidi hawakuwamo katika mahudhurio yoyote kati ya hayo, na daftari lipo mezani kwa atakaye kulikagua.

Fedha: tulianza na Sh 312,000. Ada ya Sh 24,000 imelipwa na wanachama 31 tu, sawa na Sh 744,000. Vigingi na upimaji vilichukua Sh 480,000, kitalu Sh 215,000, nauli na shajala Sh 148,000. Salio ni Sh 213,000. Wasiolipa ni 53, na baadhi yao ndio wanaohoji gharama za vigingi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupanda mianzi na matete ndani ya eneo lililopimwa, na kuiomba halmashauri ituelekeze ni shughuli zipi zisizo na madhara zinazoweza kuruhusiwa humo, ufugaji wa nyuki ukiwa mojawapo. Mweka Hazina atapokea ada mara tu baada ya kikao hiki.