Barua ya malalamiko: shapo namba 4 ya injini yangu ya 2H

Lubumbashi, tarehe 14 Oktoba 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni ya kuchonga injini na kuuza vipuri, Lubumbashi

Kuhusu: shapo iliyobadilishwa katika karakana yenu

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu. Tarehe 19 Agosti mwaka huu nilileta kwenu bloku ya injini ya Toyota 2H, vilebreki yake (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) na shapo zake saba (vifuniko vya chuma vinavyoishika vilebreki kwenye bloku). Tarehe 6 Septemba nilivichukua, nikalipa dola 420 taslimu, na risiti ninayo. Katika zile shapo saba mlizonirudishia, sita ni zangu. Ya nne si yangu. Nimefika kwenu mara tatu kueleza jambo hili, na mara zote tatu nimejibiwa kama mtu anayelilia kifuniko cha chupa. Ndiyo maana leo naandika.

Sijui kama barua hii utaisoma mwenyewe au ataisoma kwanza mtu wa ofisini ambaye hajawahi kushika bloku, kwa hiyo niruhusu nieleze. Injini ya 2H ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, na vilebreki yake inakaa juu ya vikalio saba. Kila kikalio kina nusu mbili: nusu ya juu ni bloku yenyewe, nusu ya chini ni shapo inayofungwa kwa bolti mbili. Kiwandani, shapo zote hufungwa kwanza kwenye bloku, ndipo matundu yote saba yanatobolewa kwa mpigo mmoja, mstari mmoja. Maana yake ni kwamba shapo ilizaliwa pamoja na bloku yake, mahali pake, ikitazama upande wake. Ukiipeleka kwenye bloku nyingine, hata iwe ya 2H, hata iwe imeandikwa namba ileile, tundu halitakuwa duara tena. Na kati ya kusine, yaani vibamba vyembamba vinavyotandikwa ndani ya kikalio, na vilebreki kuna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita moja, ambamo oili hupita. Hapo ndipo uhai wa injini ulipo.

Nililijua hilo kabla sijawaletea kazi. Jioni ya kuamkia tarehe 19 nilizitia alama shapo zangu kwa ponchi na nyundo, upande wa kushoto: ya kwanza kitone kimoja, ya pili viwili, hivyo hivyo mpaka ya saba vitone saba. Nikazipiga picha kwa simu zikiwa zimepangwa juu ya gunia, na picha ina tarehe. Asubuhi, mama wa mapokezi aliandika kwenye karatasi yenu, kwa ombi langu, kwamba shapo zina vitone. Alinisikiliza vizuri, namshukuru. Karatasi hiyo mnayo, nami ninayo nakala.

Shapo ya nne mliyonipa ina namba 4 ya kiwandani na mshale wake wa mbele. Vitone vinne haina.

Gari lenyewe ni pikapu Land Cruiser HJ47 ya mwaka 1982. Marehemu baba aliinunua kwa mwajiri wake mwaka 1989, wakati mkoa wetu ukiitwa bado Shaba. Neno hilo liko mpaka leo kwenye mlango wa kushoto. Tulipokuwa tunakwangua rangi mwaka juzi lilijitokeza herufi moja moja, limeandikwa kwa brashi, na mkono wa aliyeandika ulikuwa mzuri sana. Nikamwambia kijana wangu aweke msasa chini. Hatukulifuta, tumelipaka verni (vanishi) juu yake, likae. Kwa pikapu hii baba alileta samaki wa Luapula kutoka Kasenga, magunia ya mahindi, makaa wakati wa kiangazi, na sisi tukapata kusoma. Alipofariki ilisimama uani kwetu Katuba, chini ya mwembe, miaka kumi na moja. Kuku walitagia kwenye kiti chake.

Miaka minne sasa tunaitengeneza nyumbani, mimi na huyo kijana wangu wa pili. Majani ya mwembe yalikuwa yameziba njia za maji, na sakafu ya kabini ililiwa na kutu mpaka ukikaa kwenye usukani unaona udongo. Tulikata bati la milimita 1.5, tukalikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, na kuchomelea tulifanya usiku, saa umeme unaporudi. Majirani walivumilia mwanga na kelele, Mungu awabariki. Springi tulizifungua jani kwa jani, tukasugua, tukapaka grisi. Waya zote ni mpya, lakini kila waya una rangi ileile ya zamani, ili atakayekuja baadaye akifungua kitabu cha gari asipotee. Mipira ya milango ilitoka Dar es Salaam na lori, ikapita mpakani Kasumbalesa, tukaingoja wiki tano. Injini tuliiacha mwisho kwa sababu kuna kazi ambayo nyundo na subira haziwezi. Vilebreki haichongwi uani. Ndipo nikaja kwenu, kwa kuwa wengi walinisifia mashine zenu.

Na niseme haki: vilebreki mliichonga vizuri. Niliipima kwa maikromita sehemu baada ya sehemu, ikawa imeshuka sawasawa kwa kusine za 0.50, na kwenye pembe za kila shingo fundi wenu aliacha ule mviringo mdogo unaozuia chuma kupasuka. Wengi hapa mjini huusahau. Yule aliyefanya kazi hiyo ni fundi kweli, na malalamiko yangu hayamhusu.

Usiku wa tarehe 14 Septemba tulianza kufunga. Tulikuwa tumeosha bloku kwa mazuti (dizeli), tukapuliza njia zote za oili, tukatandika shuka safi juu ya meza. Kusine zikakaa, oili ikapakwa, vilebreki ikalala. Tukaweka shapo zote tukikaza kwa vidole tu, kisha nikaanza kukaza kwa ule ufunguo wa kupimia nguvu, kuanzia katikati kama inavyotakiwa. Katikati ni ya nne. Kabla ya kukaza, kijana aliizungusha vilebreki kwa mkono mmoja, ikateleza kama iko ndani ya asali. Nilipokaza ya nne, akaniambia, "Papa, imekataa." Nikadhani ni uchafu. Nikafungua, nikafuta, nikarudia. Ikakataa tena. Tukaiacha ya nne imelegea, tukakaza nyingine sita, vilebreki ikazunguka bila neno. Hapo nikaichukua ile shapo, nikaifuta grisi vizuri, nikaisogeza karibu na taa nikitafuta vitone vyangu. Nilitafuta upande wa kushoto, nikatafuta na wa kulia. Kijana hakusema kitu. Alifunika bloku kwa shuka, tukaenda kulala.

Nilipaswa kufungua zile karatasi zenye mafuta mlizofungia shapo palepale mezani kwenu tarehe 6 Septemba na kuhesabu vitone mbele ya mtu wenu. Sikufanya hivyo, nakubali. Lakini kazi ya kutochanganya vyuma vya wateja si ya mteja.

Nilirudi kwenu tarehe 16 Septemba. Msimamizi wa karakana aliitazama shapo akiwa amesimama, akaniambia, "Papa, 2H ni 2H," akaendelea na shughuli zake. Nilirudi tarehe 23 na picha ya simu pamoja na ile karatasi ya mapokezi. Safari hii aliniita pembeni, akanishauri nipige lima (tupa) kidogo kwenye miguu ya shapo, eti "itajipanga yenyewe ikishaanza kuzunguka". Bwana Mkurugenzi, neno hili ndilo lililoniumiza kuliko hata kosa lenyewe. Kosa la kuchanganya linaweza kumpata yeyote mwenye kazi nyingi. Lakini kumwambia mteja apige lima shapo ya vilebreki ni kumwambia aue injini yake kwa mkono wake, halafu arudi kununua nyingine. Kusine iliyobanwa upande mmoja haipati oili, inaungua, inazunguka mahali pake, inafunga tundu la oili, na vilebreki mliyoichonga vizuri inaharibika safari ya kwanza. Mimi nilijua. Je, asiyejua?

Mara ya tatu, tarehe 3 Oktoba, nilipewa jibu la biashara: nichukue injini nyingine ya Toyota, 1HZ iliyotumika, mnipunguzie bei, maana "hii ni gari ya zamani". Ninaijua 1HZ. Ni injini nzuri, na pikapu nyingi za barabara ya Likasi zinatembea nayo. Lakini sikuja kununua injini. Nilikuja na injini yangu, yenye namba inayolingana na namba iliyo kwenye karatasi za gari, injini ambayo baba alikuwa akiisikiliza asubuhi kabla ya kutoa breki ya mkono. Uzee wa gari haupunguzi wajibu wa aliyepokea pesa ya kulitengeneza. Ukiniuliza mimi, unauongeza, kwa sababu chuma cha mwaka 1982 kikipotea hakuna duka litakalokuuzia kingine.

Baada ya hapo nilimwomba mwalimu wa umekanika wa shule moja ya ufundi aje na saa yake ya kupimia matundu. Matundu sita yalikuwa duara safi. La nne, na shapo yenu ikiwa imekazwa, lilikuwa limepotoka kwa zaidi ya milimita 0.06. Ameandika vipimo kwa mkono wake, na nakala naiambatanisha pamoja na ile ya risiti, ya karatasi ya mapokezi na ile picha.

Sasa jambo ambalo naomba ulipe uzito kuliko pikapu yangu. Nilipoleta bloku yangu tarehe 19 Agosti, chini palikuwa na bloku nyingine ya 2H. Fundi aliniambia imetoka kwenye Land Cruiser nyingine, HJ60. Kama mimi ninayo shapo ya mtu huyo, basi yeye anayo yangu, yenye vitone vinne upande wa kushoto. Inawezekana injini yake imeshafungwa. Inawezekana yuko barabarani na watu ndani. Mnalo jina lake kwenye daftari lenu, mimi sinalo. Mpigieni simu leo hii, kabla hamjanijibu mimi. Mwambieni asiwashe injini hiyo, na kama ameshaiwasha basi aangalie presha ya oili na chembe za kusine ndani ya karteri, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilimwambia msimamizi jambo hili tarehe 23 Septemba, na kwa ninavyojua hakuna aliyepigiwa.

Ninachotaka kwenu ni shapo yangu. Itafuteni kwa huyo mteja, itafuteni kwenye masanduku ya karakana, chini ya meza, kwenye vyuma chakavu. Ikipatikana na ikiwa haijaguswa na lima, nitaifunga, sitadai hata senti ya muda niliopoteza, na habari itaishia hapo.

Ikiwa haikupatikana ndani ya wiki tatu tangu mpokee barua hii, basi njia iliyobaki ni moja: kupunguza kidogo nyuso za shapo, kuzifunga zote na kutoboa upya mstari mzima wa matundu saba kwa mashine ya kazi hiyo, kwa gharama yenu pamoja na usafiri, hata kama mashine itapatikana Kitwe au Ndola, Zambia. Na aifanye fundi anayeelewa kwamba 2H haina mkanda wa taimingi, ina gia, kwa hiyo akiupandisha sana mstari wa vilebreki gia zitabanana. Nitakuwepo akipima. Kusine nyingine zikihitajika, nazo ziwe juu yenu. Injini ya 1HZ sitaki, na kurudishiwa dola 420 peke yake hakutoshi, kwani pesa hiyo hairudishi bloku katika hali niliyowaletea.

Kama wiki tatu zitapita kimya, nitapeleka karatasi hizi mahakama ya biashara hapa Lubumbashi. Sipendi kufika huko. Mji huu una mafundi wachache wenye mashine kama zenu, na mwakani nitahitaji mtu wa kuchonga ngoma za breki.

Bloku iko juu ya meza, imefunikwa shuka. Shapo yenu nimeipaka mafuta na kuifunga kwa karatasi, sijaigusa kwa lima wala kwa msasa, nami nitaileta mkononi siku mtakayoniita, ili mwenye nayo airudishe kwenye bloku yake.

Mteja wenu,
mwenye pikapu HJ47, komini ya Katuba
(simu yangu iko kwenye karatasi ya mapokezi ya tarehe 19 Agosti)