Acheni Kufichana: Barua ya Wazi kwa Wanangu wa Nairobi Mliovuka Arobaini

Wanangu,

Nawasalimu nyote: mlio Buruburu na Donholm, mliohamia Rongai na Kitengela kufuata kodi nafuu, mnaodamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu kabla nauli haijapanda na kurudi watoto wakiwa wamekwisha lala. Nawaandikia kwa mapenzi, lakini hasira imetangulia, na sitaificha.

Tangu nistaafu uuguzi nimekuwa mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Zamani pesa za chama zilitoka kuwazika wazazi wa wanachama, baba wa huyu kule Murang'a, nyanya wa yule kule Siaya, wazee walioshiba siku zao. Siku hizi zinatoka kwa ajili ya wanachama wenyewe. Watu wa miaka 44, 47, 51. Kiharusi, figo, sukari, moyo. Na tukienda kukaa na familia tunamkuta mke au mume ametoa macho tu, maana anaelezwa na watu wa nje habari za mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka nenda miaka rudi.

Mnashauriwa kila mahali mpange muda: saa ya mazoezi, saa ya kazi, saa ya watoto, bajeti ya mwezi. Ni ushauri mzuri. Ila katika nyumba nilizoingia sikukuta watu walioshindwa na ratiba. Nilikuta siri. Mwajiri hajui kwamba mtoto ni mgonjwa, mke hajui kwamba kuna mkopo, daktari anaambiwa dawa zinamezwa ilhali ziliachwa tangu Pasaka, na rafiki wa karibu kabisa anaambiwa "niko fiti". Mtu mmoja anabeba yote haya peke yake akitabasamu, mpaka mwili unakataa.

Nitawaeleza ya mwanachama wetu mmoja. Jina silitaji, na mkewe ameniruhusu niandike kwa sababu hataki mwingine ayapitie.

Alikuwa mhasibu katika kampuni moja ya hapa mjini. Kampuni ikapunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa walioachishwa. Jioni ile alirudi nyumbani akala chakula akalala, hakusema neno. Kesho yake akaoga, akafunga tai, akachukua mkoba wa laputopu, akapanda matatu kwenda mjini kama kawaida. Akafanya hivyo kesho kutwa, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Alikuwa akishinda bustani ya Jeevanjee, anasikiliza wahubiri wa mchana na wale wa Bunge la Mwananchi, raia wanaojadili siasa hapo bustanini, wakibishana, na mvua ikinyesha anajisitiri kwenye baraza za maduka. Saa kumi na mbili jioni anapanda gari kurudi. Mkewe aliniambia kwamba jioni nyingine alikuwa hata akimlalamikia bosi, bosi ambaye hakuwa naye tena.

Karo ilipofika alikopa kwenye sako, chama chake cha akiba na mikopo. Sako ilipokataa kuongeza, akaingia mikopo ya simu, huu unalipa ule, ule unalipa mwingine. Bima nayo ilikatika bila yeye kujua vizuri. Tangu Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara, na mwajiri ndiye anayeyapeleka. Mshahara ukikoma, makato yamekoma. Asiye na hati ya mshahara anatakiwa atathminiwe kipato cha nyumba yake, kisha alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Angelisema nyumbani, mkewe, ambaye ana kibanda cha nguo Gikomba, angelilipa. Hakusema.

Na presha alikuwa nayo miaka mingi. Vidonge alikuwa akivificha kwenye mfuko wa pembeni wa ule mkoba. Mkewe aliwahi kuviona akaambiwa ni vya kichwa. Pesa ilipobana, vidonge ndivyo vilivyoachwa kwanza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba vipo.

Alianguka asubuhi moja akingojea matatu. Yu hai, Mungu ashukuriwe. Mkono wa kulia haunyanyuki na maneno yanamtoka kwa taabu, kwa hiyo mpaka leo hawezi kumweleza mkewe ni nani na nani wanaomdai. Mama wa watu amejua madeni kwa simu zilizopigwa akiwa wodini. Wenzake watatu waliomdhamini kule sako wamekatwa akiba zao, na mmoja wao hasemi naye.

Sasa sikilizeni kilichonikera kupita yote. Tulipoitisha harambee ya bili ya hospitali, alisimama bwana mmoja, amevaa vizuri, akasema kwa unyenyekevu kwamba aliwahi kumwona mwenzetu pale Jeevanjee siku za kazi, zaidi ya mara moja, akaona si vyema kumuuliza. Akaona aibu kwa niaba yake! Kisha akatoa mchango mnono, watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Kikombe kimoja cha chai siku ile na swali moja, "ndugu yangu, kazini kuna nini?", vingefanya kazi kubwa kuliko ile noti yake. Tumekuwa watu wa kuchanga haraka na kuulizana polepole. Kundi la WhatsApp la rambirambi linajaa watu mia mbili usiku mmoja, na mtu huyohuyo alipokuwa hai anahangaika hakupigiwa simu na hata watano.

Kama muuguzi niseme la presha, kisha niwaache. Haiumi. Unaweza kutembea nayo miaka kumi ukicheka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa, na wazima hao ni ninyi. Ukipimwa ukapata 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo mwone daktari. Ukipewa dawa usiiache kwa kuwa kipimo kimekuwa kizuri. Kipimo ni kizuri kwa sababu ya hiyo dawa. Na ninyi wanaume, ninajua kwa nini wengi wenu mnaziacha, nilikuwa nawaona kliniki mkizungukazunguka mlangoni. Mnaogopa mambo ya chumbani. Ni kweli baadhi ya dawa huweza kuleta hilo, na presha na sukari zenyewe huleta pia. Dawa ziko za aina nyingi na daktari anaweza kubadilisha, lakini hawezi kubadilisha asichoambiwa. Mwambie. Amesikia makubwa kuliko hayo. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mazoezi: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ndizo Shirika la Afya Duniani linazotaka kwa mtu mzima, yaani nusu saa, siku tano. Ongeza siku mbili za kazi ya misuli, kuinua kitu kizito, kupanda ngazi, hata kuchuchumaa na kusimama hapo sebuleni, maana baada ya arobaini misuli hupungua usipoitumia. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya chako. Chukua tepe ya fundi cherehani upime kiuno: mwanamume akipita sentimita 94, mwanamke akipita 80, kitambi hicho si ishara ya neema. Jimu ukiipenda, nenda, lakini usilipie mwaka mzima kila Januari ukaenda mara mbili.

Hapa lazima niwatetee kidogo. Tunawaambia mtembee, na tumewajengea barabara kuu za njia nyingi huku vijia vya miguu vimejaa vibanda, mitaro iliyo wazi na pikipiki. Watoto wa mitaa ya Eastlands wamepoteza viwanja vya kuchezea kwa wanyakuzi, na waliovipoteza wakiwa watoto ndio ninyi leo mnaoambiwa ni wavivu. Uhuru Park yenyewe ipo kwa sababu Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alisimama mwaka 1989 kupinga jengo la orofa 60 lisijengwe humo, akatukanwa na wakubwa hadharani. Kazi nazo hazina mipaka tena: ujumbe wa bosi saa tano usiku, na asiyejibu anaonekana hana bidii. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wangapi wenu huzichukua zote? Nawajua wanaojisifu kwamba hawajaenda likizo tangu wapandishwe cheo. Kampuni ile ya mhasibu wetu ilikuwa ikimsifu hivyohivyo.

Kina mama, msidhani nimewasahau. Siri zenu zina sura nyingine. Mnatuma pesa kwa wazazi kimyakimya, mnakopa chama cha pili kulipa chama cha kwanza, na uchovu mnauita "majukumu". Miaka hii ya hedhi kukoma, joto la ghafla, usingizi kukatika, hasira zisizo na sababu, wengi wenu mnapita humo mkidhani mnarukwa na akili, na mume naye anadhani umemchoka. Mweleze ni nini kinatokea. Mwone daktari, maana msaada upo. Na kama wewe ndiye unayepika, unayefua, unayesimamia kazi za shule na bado una kazi ya ofisini Westlands, sema kwamba huwezi. Mume mzima na vijana wenye nguvu hawatakufa kwa kuosha sufuria.

Ya pesa nayataja kwa kifupi, kwa kuwa mnayajua na hamyafanyi. Kagua jina uliloandika kama mrithi kwenye sako na kwenye pensheni. Wengi waliandika siku walipoajiriwa, wakiwa hawajaoa, na jina lililopo ni la mama aliyekwisha fariki. Usimdhamini mtu mkopo bila mwenzi wako kujua. Weka akiba ya miezi mitatu ya matumizi mahali unapoweza kuifikia, kabla ya ploti ya tatu kule Joska, na hiyo ploti ifanyie upekuzi wa hati kabla hujatoa hata shilingi. Hati fungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali upate riba, huanzia shilingi 50,000, si ya matajiri pekee. Watumishi wa umma, miaka 60 ya kustaafu huja upesi kuliko mnavyodhani. Andika wosia.

Na watoto? Waambieni ukweli unaolingana na umri wao. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kusikia kwamba pesa zimepungua na muhula ujao atahamia shule ya karibu. Atanuna wiki moja. Nimewaona watoto waliohamishwa shule wakiwa wazima na furaha zao, na nimewaona waliobaki shule za bei wakisomeshwa na mikopo ya simu, sasa wanamlisha baba yao uji kwa kijiko. Hawakuomba yale. Wangeulizwa, wangechagua baba.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jumamosi moja jioni, watoto wakishalala, simu zimezimwa, kaeni mezani wawili. Kila mmoja aandike kwenye karatasi anadaiwa na nani na kiasi gani, anadai nani, ana akaunti gani, dawa gani anameza, na kazini kukoje kwa kweli. Kisha mbadilishane karatasi. Asiye na mwenzi afanye na dada, kaka au rafiki anayeaminika. Najua itauma. Kuna watakaolia, na kuna watakaolala vyumba tofauti usiku ule.

Neno la mwisho ni kwako wewe utakayepewa hiyo karatasi na kukuta humo mambo yaliyofichwa. Watu wengi hawasemi kwa sababu walishawahi kusema wakachekwa, au wakatangazwa kwa mashemeji. Usimpigie mama yako simu usiku huo. Usimlinganishe na jirani aliyejenga Syokimau. Una haki ya kukasirika, na utakasirika, lakini siku hiyo ya kwanza muulize mawili tu: dawa zipo za kufikisha mwisho wa mwezi? Na nani anayedai ambaye hawezi kungoja? Mkishayajibu hayo, zimeni taa mlale. Yaliyobaki mtayazungumza Jumamosi inayofuata.

Mama yenu, mweka hazina