Msizisugue gololi za zamani

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wako jambo moja tu: mkipata gololi za zamani, msizisugue.

Mwezi uliopita nilipita soko la Gikomba hapa Nairobi, upande wa vyombo, nikaona mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye mfuniko uliobonyea, umejaa bano. Ndivyo tulivyoziita tulipokuwa watoto Muthurwa, ambako marehemu baba alipewa nyumba na Reli. Gololi ni jina tulilolikuta darasani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mzee, hizi nimezipiga msasa laini zikang'aa. Watu wanaweka kwenye vesi za maua." Alitaka shilingi 400, tukaelewana kwa 300. Nilipofika nyumbani nilizihesabu: 43.

Nilikuwa fundi saa River Road kwa miaka 38, na lenzi ya jichoni haijawahi kutoka mfukoni mwangu. Nilizikagua moja moja. Nyingi zilikuwa jicho la paka, zile za kioo angavu zenye ukanda wa rangi katikati, ambazo Wajapani walianza kuziuza kwa wingi miaka ya 1950. Hizo ndizo tulizochezea, na nazipenda. Lakini moja ilinifanya nivute kiti karibu na dirisha. Kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, ina upana wa milimita 19. Ndani yake kuna wavu wa nyuzi nyeupe zilizosokotwa, na karibu na ngozi ya nje zinapita nyuzi nyekundu na za kijani. Kwenye ncha moja nyuzi zote zinakutana kama zinavyokutana kitakoni mwa kiondo, na hapo pana kovu dogo, lenye kukwaruza ukilipapasa kwa ukucha.

Kovu hilo lina maana kubwa. Katikati ya karne ya 19, mafundi wa Lauscha, Ujerumani, walibuni mkasi wenye kikombe kidogo mdomoni. Fundi alichukua fimbo ya kioo iliyopashwa moto, yenye nyuzi za rangi ndani, akaisokota, akaizungushia ncha ndani ya kikombe mpaka ikawa mviringo, kisha akaikata. Kila gololi ilibaki na makovu mawili, moja kila upande. Mnamo 1905, Martin Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyeishi Akron, Ohio, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kuviringisha gololi. Vita Kuu ya Kwanza vilipokata biashara ya Wajerumani, viwanda vya Marekani vikashika soko. Gololi za mashine za baadaye huwezi kuzikuta na makovu mawili ya mkasi namna hiyo. Kwangu mimi kovu ni kama nambari iliyochongwa ndani ya mfuniko wa saa: ukiifuta, umeniachia kitu kizuri kisichoweza kunieleza kilikotoka.

Sasa, Mhariri, ncha ya pili ya gololi hiyo imeliwa na msasa. Kovu limesawazishwa, na pembeni yake ngozi ya kioo imekuwa na ukungu. Simlaumu kijana yule, hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana naandika.

Kama una gololi za babu, zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uzipanguse kwa kitambaa laini. Maji ya moto sana yanaweza kuzipasua. Alama ndogo zenye umbo la mwezi mchanga ni majeraha ya kugongana mchezoni, ziache. Usizirundike kwenye mkebe mmoja zikisuguana. Mimi hutumia trei za mayai. Na ukiweza kuazima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, zimulike gizani. Ikiwaka kijani kikali, huenda kioo chake kilitiwa urani, jinsi baadhi ya watengenezaji walivyofanya zamani ili kupata rangi.

Hata ile isiyo na urembo wowote usiitupe. Ninayo moja ya kijani hafifu, rangi ya maji ya kisima, bila uzi hata mmoja ndani. Rafiki yangu wa Ngara aliitoa kwenye chupa ya soda iliyovunjika nyuma ya duka la baba yake. Chupa za aina hiyo, alizozibuni Mwingereza Hiram Codd miaka ya 1870, hazikuwa na kizibo: gesi ya soda yenyewe iliisukuma gololi juu ikabana kwenye mpira wa shingoni. Nilimpa jicho la paka tano ili anipe hiyo, na sijajuta hata siku moja.

Mitaa ya zamani ya jiji hili inabomolewa, familia zinahama, na mikebe kama huu inaishia kwa wauza vyuma chakavu. Kila gololi yangu ina karatasi inayosema ilipatikana wapi na ilikuwa ya nani. Ya hii gololi ya Kijerumani yenye kovu nimeandika "Gikomba" tu. Muuzaji aliniambia mkebe ulitoka kwa familia iliyohama Pumwani mwaka huu. Kama ni wako, au wa mzazi wako, tafadhali liandikie gazeti hili. Gololi nitakurudishia ukiitaka. Ninachotamani ni kujua nani aliichezea, na aliishinda kwa nani.

Fundi saa mstaafu,
Kaloleni, Nairobi