Majadiliano yatangulie barua za kupunguzwa kazini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wahudumu wa simu wa benki moja ya hapa Dar es Salaam, ambao wametangaziwa kwamba kituo chao kitafungwa na maswali ya wateja yatajibiwa na programu ya kompyuta. Nimewahi kuifanya kazi hiyo, na sibishi kwamba benki ina haki ya kubadili mfumo wake. Ninachopinga ni kuwaita watu kikaoni ilhali tarehe yao ya mwisho imekwisha kuandikwa kwenye barua.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza wafanyakazi, kisha ashauriane na chama chao, au na wao wenyewe wasipokuwa na chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuwachagua watakaoondoka na malipo yao. Njia za kuepuka jambo hujadiliwa kabla halijaamuliwa.

Nasisitiza hilo kwa sababu kiinua mgongo ni kidogo mno. Sheria inataka kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini mwajiri halazimiki kuvuka miaka 10. Kwa hiyo aliyehudumu miaka 15 anaweza kuondoka na mshahara wa siku 70, katika jiji ambalo wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Wahudumu hawa wamezoea kumtuliza mteja aliyemezewa kadi na ATM usiku, aliyetuma fedha kwa namba isiyo yake, na mstaafu anayeendelea kukatwa mkopo aliokwisha kuumaliza. Ujuzi huo unahitajika matawini na katika vitengo vya kushughulikia utapeli wa mitandaoni, ambao kwa kweli haupungui. Je, kuna aliyeulizwa kama angekubali kuhamishwa?

Naiomba benki isitishe barua hizo na kuanza majadiliano upya, ikiwashirikisha pia walioajiriwa kupitia mawakala. Wasipoafikiana, suala lipelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla mtu yeyote hajarudisha kitambulisho chake cha kazi.

Mhudumu wa zamani wa simu,
Dar es Salaam