"Nice" ya Chaucer na "nice" ya leo

Mhariri,

Wapo watu wanaotuonya kwamba ukimwita mtu "nice", yaani wa kupendeza, kwa Kiingereza umemtukana, eti kwa sababu asili ya neno hilo ni "mjinga". Asili wameipata sawasawa, ila onyo lenyewe halina msingi.

Kivumishi hicho kimetokana na neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Kilipitia Kifaransa cha kale na kuingia Uingereza karibu na mwaka 1300 kikiwa na maana ya mpumbavu, na Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400, alikitumia hivyo. Baadaye kikahamia kwa mtu wa kuchaguachagua na mwenye madaha, kisha kwa jambo dogo au la kutaka umakini mkubwa. Maana ya kupendeza ilikuja kushika katika karne ya 18. "Silly" ilikwenda njia ya kinyume: ilianza na heri na baraka, ikaishia kwenye upuuzi.

Leo hakuna Mwingereza anayesema "nice" akikusudia mjinga. Maana ya neno iko kwa wanaolitumia, na hao walikwisha kuiacha ile ya Chaucer zamani sana.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba darasani tunafundisha maana moja tu. Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, mtawa Laurence anapoambiwa barua yake haikumfikia Romeo, anasema haikuwa barua "nice". Mwanafunzi anaelewa kwamba barua ilikuwa mbaya. Kumbe mtawa anasema haikuwa ya mambo madogo, ilibeba jambo zito, na kweli kutofika kwake kunachangia vifo vya vijana wale wawili. Asipolijua hilo, uchungu wa mtawa unampita. Vivyo hivyo mwanafunzi wa sheria akikuta jaji ameandika "a nice point of law", atadhani hoja imesifiwa, wakati jaji anasema ni hoja tata, ngumu kuikata.

Nawaomba walimu wenzangu na watunzi wa kamusi za shule waziongeze maana hizo chini ya ile ya leo, kila moja na sentensi yake ya mfano. Mistari miwili mitatu inatosha.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro