Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: fimbo haizimi hasira ya mtoto mwenye ADHD

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mwanangu ana miaka 9, anasoma Darasa la Tatu katika shule ya msingi hapa Morogoro. Mwaka jana alichapwa viboko siku ambayo jirani yake wa dawati alichukua penseli yake bila kuomba. Alipiga kelele, akatupa madaftari, na mwalimu alipomshika mkono akajinasua na kukimbilia nje. Mwalimu aliona jeuri. Nusu saa baadaye mtoto huyohuyo alikuwa akilia kwa aibu, akamkatia mwenzake nusu ya andazi lake. Jioni nilipomuuliza, alinijibu: "Mama, hasira ilifika kabla yangu."

Ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kutulia, kuzingatia na kujizuia. Wengi wakisikia jina hilo wanamfikiria mtoto asiyetulia kitini, anayesahau begi. Hayo yapo, na tumeyazoea. Kinachotuumiza nyumbani ni hisia zake: furaha inayopitiliza, kukata tamaa kwa hesabu moja aliyokosa, hasira inayolipuka kwa jambo ambalo wenzake wangelipuuza. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 hauyaweki hayo kwenye dalili kuu. Unayataja pembeni tu, kama mambo yanayoandamana na hali hiyo. Ndiyo maana hata mzazi aliyebahatika kumwona daktari anaweza kurudi nyumbani bila kuambiwa chochote kuhusu hasira.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipiga picha za ubongo wa watoto. Kwa watoto wengi gamba la ubongo lilifikia kilele cha unene wake kwenye miaka 7 na nusu hivi. Kwa wenye ADHD, kwenye miaka 10 na nusu. Sehemu iliyochelewa zaidi ni ya mbele, ile inayomsaidia mtu kujizuia. Ubongo wake unakua, Mheshimiwa, ila kwa kuchelewa, na shuleni tunamdai mtoto breki ambazo bado hazijakaza.

Waraka wa Elimu Na. 24 wa mwaka 2002 unataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwanangu alichapwa palepale mbele ya darasa, na hakuna kilichoandikwa. Lakini hata kama waraka ungefuatwa neno kwa neno, mtoto aliyepandwa na hasira hasikii funzo lolote. Mwili wake umejiandaa kupigana au kukimbia, na fimbo inamhakikishia kwamba kweli yuko hatarini.

Mwaka huu amepata mwalimu mwingine, mwenye wanafunzi 87 darasani. Mama huyu amegundua kwamba kabla ya kulipuka mwanangu huanza kutafuna kola ya shati. Akiona hivyo, anamtuma apeleke chaki ofisini au akajaze ndoo ya maji. Akichelewa, naye mtoto akalipuka, mwalimu hushusha sauti, hamuulizi "kwa nini", humwacha akae chini ya mwembe anapoweza kumwona dirishani. Akishatulia, anaokota alivyotupa na kumwomba radhi aliyemkosea. Kuna siku alimpiga mwenzake, akafagia darasa siku mbili, na mimi nilikubaliana na adhabu hiyo. Zamani milipuko ilikuwa karibu kila siku. Sasa ni mara moja au mbili kwa mwezi.

Hakuna aliyemfundisha mwalimu huyu. Aliniambia alijifunza kwa kumlea mdogo wake. Mtoto mwingine kama wangu, wa darasa la jirani, hana bahati hiyo. Darasani kwake bado anaitwa mkorofi, na bibi yake ameshaambiwa ampeleke akaombewe.

Naomba mambo mawili. Taasisi ya Elimu Tanzania iandae moduli ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kuhusu watoto wenye hasira zisizodhibitika, ili walimu waijadili hukohuko shuleni kwao: dalili za mwanzo, la kufanya mtoto anapolipuka, na namna ya kumrudisha darasani. Na kanuni za viboko zibadilishwe, asichapwe kamwe mtoto aliye katikati ya mlipuko. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mimi nitashukuru hata tukianza na hilo moja la kutomchapa mtoto aliyelipuka.

Mwalimu wa mwanangu yuko tayari kueleza anavyofanya. Nimemuuliza kabla ya kuandika barua hii, akakubali.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mwanafunzi wa Darasa la Tatu, Morogoro