Shukrani kwa mama wa idara ya jirani

Tuliosoma uzamili tunaijua hali hii: unakabidhiwa semina za mwaka wa kwanza na ratiba, basi. Kufundisha hujafundishwa. Mimi nilipangiwa takwimu, darasa limejaa hadi dirishani.

Mhadhiri mmoja, wala si wa idara yetu, alinisikia nikilalamika kantini, akaomba aje kukaa nyuma. Hakunikatiza. Aliandika tu nyakati ambazo kalamu za wanafunzi zilisimama. Baadaye akanionyesha: zilisimama kila nilipoanza na kanuni. Akanishauri nianze na bei za nyanya sokoni, wakokotoe wastani wenyewe, kanuni ije baadaye. Na nikiuliza swali, ninyamaze mpaka mtu ajibu. (Kimya kile kinatisha, nawaambia!) Majaribio yalipokuja, tulisahihisha karatasi zilezile kila mtu kivyake, kisha tukabishana kwa nini yeye katoa saba, mimi nne.

Hakulipwa hata senti. Mama, asante sana. Hutaki jina litajwe, nami nimetii. Wahadhiri wengine, vijana wa namna yangu wamo kwenye idara zenu. Waombeni ratiba, mkakae nyuma.